Dereva mwepesi, pikipiki ngumu: urekebishe ulichonacho, ubadili springi, au ubadili shokapu nzima?

Pikipiki nyingi zinazokimbia kati ya Arusha na Moshi, Boxer na TVS HLX zikiwa mbele, zimeundwa zikitarajia dereva, abiria, na mara nyingi gunia juu ya keria. Mtu wa kilo 48 au 55 akiipanda peke yake, springi za nyuma zinakosa uzito wa kuzifanyisha kazi. Tuta la Kikatiti linapanda lote hadi kiunoni. Kwenye kokoto gurudumu la nyuma linarukaruka, na ukigusa breki ya mguu wakati unateremka linafunga na kuteleza. Wanaopata taabu hii ni wengi: muuguzi anayeshuka Kibosho kwenda zamu mjini, mwalimu wa Oldonyo Sambu, afisa ugani anayezunguka mashamba ya Hai, dada anayepika vitafunwa na kupeleka oda mwenyewe. Kijiweni wataambiwa wazoee. Mimi nasema hakuna cha kuzoea hapo. Mgongo ni wako, na pikipiki inarekebishika.

Njia zipo nne: kurekebisha ulichonacho, kubadili springi peke yake, kubadili shokapu nzima, au kubadili pikipiki yenyewe. Nitazilinganisha kwa ajili ya dereva mwepesi tu, wa kilo 60 kushuka chini akiwa amevaa kofia ngumu na kubeba mkoba wake, maana ushauri unaomfaa mtu wa kilo 90 unaweza kumwangusha wa kilo 50. Na niseme mapema ninakosimama: kinachoamua uchague ipi ni mzigo unaobeba siku nyingi za wiki. Bei inafuata baada ya hapo, na uzuri wa shokapu nyekundu yenye kichupa cha gesi ubavuni unakuja mwisho kabisa.

Ugumu unatoka wapi

Vitu vitatu vinakubeba. Tairi linameza vikokoto. Springi inashika uzito. Mafuta yaliyo ndani ya shokapu yanaizuia springi isizame kwa pupa na isirudi juu kwa pupa. Mtu mwepesi anaweza kuteswa na chochote kati ya hivyo, na pesa nyingi zinapotea gereji kwa sababu springi inalaumiwa kwa makosa ya upepo, au shokapu inatupwa wakati mafuta ndiyo mabaya.

Sikiliza pikipiki inavyolalamika. Mtetemo mdogo wa haraka mikononi, hata kwenye lami iliyokwaruzika tu, mara nyingi ni upepo uliozidi. Ukipita tuta polepole na pikipiki ikapanda nzima bila kuzama hata kidogo, springi ni ngumu kwako au imekazwa mno. Ukipita mashimo mfululizo, la kwanza likawa la kawaida na la nne likakupiga kama jiwe, mafuta ni mazito: shokapu inazama na haipati nafasi ya kurudi kabla ya shimo linalofuata. Na ukirushwa kutoka kwenye siti baada ya kuvuka tuta, ujue hakuna kinachoizuia springi kurudi. Mafuta yamevuja, au shokapu imekwisha.

Wanaonunua pikipiki iliyokuwa bodaboda wana shida ya ziada. Mwenye bodaboda alikuwa akibeba abiria, siku nyingine mshikaki, yaani abiria wawili au zaidi kwa mpigo, na aliiandaa kwa kazi hiyo: ringi za nyuma, zile zenye ngazi zinazoibana springi kwenye shokapu, zimekazwa hadi mwisho, matairi yamejazwa hadi yanalia, na wakati mwingine springi zenyewe zimebadilishwa zikawekwa nzito zaidi. Nimewahi kusimama kwenye gereji moja ya Majengo, Moshi, binti akilalamika kwa mzee fundi kwamba shokapu zake zimekufa.

“Hazijafa, mwanangu,” mzee akamwambia, ameshika ringi kwa vidole viwili. “Ulinunua kwa bodaboda?”

“Ndiyo, baba.”

“Basi bado zinamsubiri abiria.”

Akairudisha ringi ngazi kwa ngazi hadi ya chini, akatoa upepo kwenye tairi la nyuma, akamwambia akazunguke mpaka barabarani arudi. Binti alirudi anacheka. Hakuna kipuri kilichouzwa siku ile.

Pima kabla ya kutoa hela

Kipimo cha kuchagua njia yako ni tepu ya kupimia na msaidizi mmoja. Tunachotafuta ni kiasi ambacho pikipiki inazama ikiwa imekubeba wewe. Inyanyue gurudumu la nyuma lining'inie, kwa stendi kubwa au kwa watu kuishika, kisha pima kutoka kwenye ekseli hadi alama uliyoichora wima juu yake, pembeni ya siti. Andika. Ishushe isimame kwa uzito wake yenyewe, pima tena. Halafu panda ukiwa na kofia, viatu na mkoba wako wa kila siku, miguu juu ya pedali, mtu akiishika kwa mbele, na msaidizi apime mara ya tatu. Kabla ya kila kipimo ibonyeze na kuiachia mara kadhaa, kwa sababu msuguano wa bushi na sili (mpira unaozuia mafuta yasivuje) unaweza kuishikilia juu au chini kwa milimita kadhaa na kukudanganya.

Tofauti kati ya kipimo cha kwanza na cha tatu ndiyo yenye maana kubwa. Kwa matumizi ya barabara zetu inafaa iwe kati ya robo na theluthi ya mwendo wote wa gurudumu, yaani umbali wote ambao gurudumu linaweza kupanda na kushuka. Pikipiki ndogo ya shokapu mbili ina mwendo wa takribani milimita 100 nyuma, hivyo unatafuta milimita 25 hadi 33. Mtu mwepesi kwenye springi iliyokazwa anaweza kukuta 8 au 10 tu.

Wengi hawaoni ubaya wa hiyo 8, wanadhani kutozama ni uimara. Lakini gurudumu linahitaji nafasi ya kushuka, siyo ya kupanda tu. Likifika kwenye shimo, linapaswa kunyooka lifuate ardhi. Kama limeshanyooka karibu lote kabla ya kufika, litaning'inia hewani kwa sekunde ile na kugonga ukingo wa pili kwa nguvu. Kwa hiyo kwenye barabara ya vumbi yenye mikunjo kama bati, ile ya kwenye mashamba ya miwa ya TPC, Moshi, au ya mashambani nyuma ya Usa River, tairi linagusa vilele tu, na kwenye kona pikipiki inasogea pembeni yenyewe.

Kipimo cha pili nacho kina kazi yake, na hapa panahitaji utulivu. Tuseme umelegeza ringi mpaka wewe ukipanda inazama milimita 30 kama inavyotakiwa. Sasa shuka uangalie inazama kiasi gani ikiwa peke yake. Ikizama milimita 5 hadi 10, springi inakufaa. Ikizama 18 au 20 bila mtu, maana yake springi ni ngumu kuliko uzito wako: sehemu kubwa ya kuzama inatokana na kulegezwa, na wewe ukipanda unaongeza kidogo tu. Na kama ringi imefika ngazi ya chini kabisa na bado hujafikia 25, jibu ni lile lile. Huyo ndiye mtu wa kufikiria springi nyingine. Wengine wote wabaki njia ya kwanza.

Njia ya kwanza: rekebisha ulichonacho

Anza na upepo kwa kuwa ni wa bei ndogo kuliko vyote. Pikipiki za aina hii kwa mtu mmoja huwa zinazunguka kwenye PSI 25 mbele na 28 nyuma. Angalia kibandiko kwenye pikipiki yako au kitabu chake, maana namba za nyuma zimeandikwa mbili, ya mtu mmoja na ya watu wawili. Wajaza upepo wengi wanajaza 40 bila kuuliza. Mwambie namba unayoitaka, na simama uangalie geji. Mtu wa kilo 50 anayepita vumbi anaweza kushuka hadi 22 mbele na 25 nyuma. Chini ya 20 usiende na tairi la tyubu: rimu itaibana tyubu kwenye jiwe na kuikata, na tairi likianza kuzunguka ndani ya rimu litaling'oa shina la tyubu.

Kisha ringi. Hapa kuna imani moja ambayo ningependa iishe: kukaza ringi hakuifanyi springi kuwa ngumu, na kulegeza hakuifanyi kuwa laini. Springi ni ile ile. Ringi inaamua tu pikipiki itakaa juu au chini, na gurudumu litabaki na nafasi gani ya kushuka. Ndiyo maana inamsaidia sana mtu mwepesi ambaye amekuta imekazwa, na haimsaidii kitu yule ambaye tayari iko ngazi ya mwisho. Zungusha zote mbili, kushoto na kulia, ngazi sawa. Kama ringi imeganda kwa kutu na vumbi, isafishe kwa brashi ya waya na uimwagie dizeli kidogo kwanza. Ukilazimisha kwa nyundo na patasi utazivunja kingo zake.

Cha tatu ni mafuta ya shokapu za mbele, na kwa maoni yangu hapa ndipo mtu mwepesi anapopata nafuu kubwa kuliko anavyotegemea. Sili zikivuja, mafundi wengi wakishaweka mpya hujaza mafuta ya injini yaliyobaki kwenye kopo, ya 20W-50 au hata SAE 40. Mafuta ya shokapu ya 10W, au yale mekundu ya giaboksi ya otomatiki ambayo unene wake unakaribiana nayo, yana unene wa takribani 30 hadi 35 kwa kipimo cha sentistoki kwenye nyuzi 40 za Selsiasi. Mafuta ya injini ya 20W-50 yanafika 150 na kuzidi. Ni mara nne au tano. Mtu wa kilo 90 akifunga breki anayalazimisha yapite kwenye vitundu. Wewe wa kilo 50 unakuta mbele pameganda kama fimbo. Asubuhi za Juni na Julai Arusha, baridi inapoyafanya mazito zaidi, mikono inakufa ganzi kabla hujafika Tengeru.

Yabadilishe. Pikipiki nyingi ndogo hazina skrubu ya kumwagia chini, kwa hiyo shokapu inatolewa nzima na kugeuzwa juu chini. Fundi awe mwangalifu na kifuniko cha juu, kuna springi inayokisukuma. Yale ya zamani yatatoka ya kijivu, yananuka, yakiwa na unga wa chuma unaometameta ukiyaweka juani kwenye kopo. Pampu taratibu mpaka yaishe. Mapya yapimwe kwa sirinji kubwa ya duka la dawa, kiasi kile kile kilichoandikwa kwenye kitabu cha pikipiki, na pande zote mbili zilingane, kwa mililita na siyo kwa jicho. Wingi wa mafuta una athari yake: yakizidi, hewa inayobaki juu inakuwa kidogo, na shokapu inakuwa ngumu ghafla karibu na mwisho. Mtu mwepesi hahitaji hilo. Kama 10W bado unaiona nzito, nenda 5W, lakini soma kwanza nitakachosema kuhusu miteremko ya mlimani.

Njia hii ya kwanza inagharimu muda, mafuta na pengine sili mpya. Faida yake nyingine ni kwamba inarudi nyuma kirahisi: Jumapili ukimpakia mama kwenda kanisani na mkungu wa ndizi wa kurudi nao, unapandisha ringi ngazi tatu na kuongeza upepo, Jumatatu unarudisha.

Njia ya pili: springi laini

Hii ni kwa yule ambaye tepu imemwonyesha kwamba springi imemzidi, na ambaye siku nyingi yuko peke yake. Kwa pikipiki kubwa za porini, watengenezaji wa springi wa Ulaya na Marekani wana orodha kwa kilo za dereva, unaagiza kwa namba. Kwa Boxer huwezi kutegemea hivyo. Unatafuta springi ya pikipiki ndogo zaidi yenye urefu na upana ule ule, na unaangalia waya.

Unene wa waya ndio wenye nguvu kuliko kitu kingine chochote. Ugumu wa springi unapanda kwa unene wa waya uliozidishwa wenyewe mara nne. Waya wa milimita 7 ukibadilishwa kwa wa 6.5, mizunguko na upana vikiwa sawa, ugumu unapungua kwa takribani robo. Nusu milimita tu, ambayo jicho halioni. Kwa hiyo nenda dukani na kalipa, kifaa cha kupimia unene, au muombe fundi wa karakana ya kuchonga vyuma akupimie.

Ukipata springi za kujaribu, zilinganishe na za zamani kabla ya kuzifunga. Zisimamishe mbili sambamba, kila moja ikiwa na kipande cha bomba kifupi ndani ili isilale, weka ubao juu, pima urefu, kisha weka mfuko wa saruji wa kilo 50 juu ya ubao na upime tena, mtu akiushika usianguke. Za zamani zikishuka milimita 12 na mpya 16, mpya ni laini kwa robo. Hicho ni kiasi kizuri kwa mtu wa kilo 50 kwenye pikipiki iliyotengenezwa kwa watu wawili. Zikishuka 24, ziache. Ni nusu ya ugumu, na siku utakapombeba mtu zitafika mwisho chuma kwa chuma.

Sasa jambo la hatari. Usikubali springi ikatwe. Kuna mafundi wanaokata mizunguko miwili mitatu ili kuishusha pikipiki kwa mtu mfupi, na wanaamini wanailainisha. Inakuwa kinyume chake. Mizunguko ikipungua, springi inakuwa ngumu zaidi: yenye mizunguko 20 ukiikata 4, ugumu unapanda kwa robo. Dada mwepesi na mfupi anaondoka na pikipiki iliyo chini zaidi, ngumu zaidi, yenye mwendo mfupi zaidi, na ncha iliyokatwa inakaa vibaya kwenye kikombe chake na kuanza kukila. Nimeona shokapu zilizopinda kwa sababu hiyo, na nasikitika kila mara kwa kuwa aliyelipa alikuwa anatafuta usalama.

Kama shida yako ni kutofikisha miguu chini, ishughulikie kama shida ya peke yake. Sponji ya siti inaweza kupunguzwa pembeni, pale mapaja yanapopita, bila kuigusa katikati unapokalia. Shokapu za mbele zinaweza kusogezwa juu kwenye vishikio vyake milimita 10, lakini nyuma nayo ishuke kwa kiasi kinacholingana. Ukishusha mbele peke yake usukani unakuwa mwepesi kupita kiasi kwenye mwendo, na kwenye mteremko unaweza kuanza kutikisika.

Kumbuka pia kwamba springi laini inadai mafuta yanayoendana nayo. Springi ngumu inarudi kwa nguvu na inahitaji kuzuiwa sana. Laini inahitaji kuzuiwa kidogo. Shokapu za nyuma za pikipiki za kawaida hazifunguliki wala hazina skrubu ya kurekebisha, kwa hiyo ukilainisha springi sana ndani ya shokapu ile ile, nyuma itaanza kurudi kwa uvivu. Hiyo ni sababu nyingine ya kuishia kulainisha kwa robo tu.

Njia ya tatu: shokapu nzima

Hapa nitakuwa mfupi. Shokapu mpya za kawaida zinafaa pale za zamani zilipovuja, zilipopinda, au zinapolia zikishuka. Nunua zile za mtu wa kawaida, na mwenye duka akikwambia “chukua hizi za kubebea mzigo, zinadumu,” mshukuru na uzirudishe. Kwa mwepesi kudumu huko ni kudumu na maumivu.

Zenye kichupa cha gesi na skrubu ya kurekebisha kurudi ni nzuri kweli zikiwa za kweli. Gesi inayoyabana mafuta inayazuia yasitoe povu kwenye barabara ndefu ya mashimo, na skrubu inakuwezesha kulegeza kurudi kulingana na uzito wako. Lakini madukani kuna nyingi ambazo kichupa ni pambo, ndani hakuna kitu, na springi yake ni ngumu kuliko ya kiwandani. Jaribu dukani: igandamize kwa uzito wako wote ukiilalia. Kama mtu wa kilo 50 hawezi kuisogeza hata kidogo, haitamsaidia barabarani. Kisha zungusha skrubu kutoka mwanzo hadi mwisho na uigandamize tena. Kasi ya kurudi isipobadilika, umeshapata jibu.

Njia ya nne: pikipiki nyingine

Anayepanda kila siku vijiji vya juu, Uru, Kibosho, Machame, Marangu ndani ndani ambako lami imeisha, ana haki ya kujiuliza kama pikipiki ya mjini ni chombo chake. Pikipiki ya njia mbaya yenye shokapu moja katikati, mfano Honda XR150L, ina mwendo wa takribani milimita 180 mbele na 150 nyuma. Theluthi ya 150 ni 50: mtu mwepesi anapata nafasi ya gurudumu kushuka na bado inabaki milimita 100 ya kupanda. Kwa starehe, shokapu mbili za mjini haziifikii.

Gharama zake kwa mwepesi ni mbili. Siti iko zaidi ya sentimita 82 kutoka chini, na kwenye mawe yenye utelezi kufikisha mguu ni usalama. Pili, springi moja ya katikati imekaa karibu na egemeo la mkono wa chuma unaoshika gurudumu la nyuma, kwa hiyo gurudumu likipanda sana, springi inajibana kidogo, hivyo lazima iwe ngumu mkononi. Usiilinganishe kwa kuishika na springi za shokapu mbili ukasema hii haifai. Pima kwa tepu kama nilivyoeleza. Na kabla hujainunua uliza springi yake inapatikana wapi, kwa sababu za Boxer zimejaa kila kona na hizi si hivyo.

Nani achukue ipi

Wa mjini na lami, Sakina hadi Njiro au Moshi mjini hadi Bomang'ombe: njia ya kwanza inamtosha, na mara nyingi upepo na ringi tu. Matuta ya barabara kuu yanataka shokapu inayozama na kurudi mara moja, tena kwa utulivu, kwa hiyo mafuta ya 10W mbele yasipungue.

Wa uwandani kwenye vumbi, njia za ndani za upande wa Kisongo, Mirerani, TPC au Sanya Juu: huyu ndiye ninayemshawishi kwa moyo wote afikirie springi laini nyuma, kama yuko peke yake, pamoja na mafuta mepesi mbele. Vumbi letu la majivu ya volkano ni laini na linakata sili, basi aweke vifuniko vya mpira kwenye shokapu za mbele, vile vyenye mikunjo. Bila hivyo mafuta mazuri atayamwaga barabarani kabla ya msimu kuisha.

Wa mlimani ndiye mgumu kumshauri. Kwenye mteremko uzito unahama kutoka nyuma kwenda mbele. Pikipiki na dereva wa jumla ya kilo 170, mteremko wa asilimia 15: kwa hesabu ya haraka kama kilo 13 zinaondoka gurudumu la nyuma kabla hujagusa breki, na breki ya wastani inahamisha kama mara mbili ya hizo. Dereva mzito ana akiba. Mwepesi anabaki na nyuma isiyo na uzito, ndiyo maana breki ya mguu inafunga mara moja kwenye tope la masika. Nyuma alainishe, ili tairi libaki ardhini. Mbele asilainishe sana, kwa sababu uzito wote unaangukia huko, na shokapu ya mbele iliyozama hadi mwisho haina cha kutoa jiwe likitokea. Kwake 10W mbele ibaki, hata kama 5W ilionekana tamu kwenye tambarare. Ajifunze pia kukaa nyuma kwenye siti anapoteremka. Kilo 50 zikisogea sentimita chache zinasaidia kuliko spana.

Na yule anayebeba mtoto kwenda shule asubuhi, kisha yuko peke yake mchana kutwa, au anayebeba abiria siku moja moja: asiguse springi. Abaki na ringi, aweke alama ya rangi ya kucha kwenye ngazi mbili, ya peke yake na ya wawili, ili asikisie. Akishabadili, apime upya kwa tepu baada ya masika, kwa kuwa springi hulegea, sili hulika, na uzito wa mtu nao haukai pale pale.